Mheshimiwa Aliyeona Haya Kusema Choo

Kijana wangu, kabla hujaenda kuchukua fomu ya kugombea uwakilishi wadi, kaa kwanza mbele ya mama mkwe wako, mtazame usoni, useme maneno haya kwa sauti: choo, mkojo, kuhara. Ukiyamaliza bila kukohoa, bila kutazama dari na bila kujifanya simu yako inalia, basi u tayari kwa kazi. Ukishindwa, rudi ukajizoeze. Mimi sikujizoeza, na ndiyo sababu wako watu katika kisiwa hiki wanaonikumbuka mpaka leo kama mheshimiwa aliyezipelekea zahanati mapazia.

Mwanijua kama Mzee Athman wa Tudor, mstaafu, mtu wa kahawa na gazeti. Nilikuwa mwakilishi wadi kwa vipindi viwili, wadi yetu ya Mji wa Kale, na vipindi vyote viwili niliketi katika kamati ya afya ya bunge la kaunti. Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa maabara kwa zaidi ya miaka ishirini. Hebu pimeni wenyewe: mtu aliyeshika mkojo wa watu asubuhi na jioni, akaujua kwa rangi kama mpishi ajuavyo mchuzi, ndiye aliyeshindwa kuutaja mbele ya Spika.

Na onyo nilikuwa nimelipata mapema, hukohuko maabara. Desturi yetu ilikuwa kutokitaja kitu kwa jina lake. Mgonjwa alipewa kikopo akaambiwa, "Niletee kidogo humu," yakaisha. Kila mtu alielewa. Mpaka siku moja akaja hamali mmoja wa Marikiti, mtu mzima, mabega kama mlango. Nikampa kikopo, nikamwambia aniletee kidogo. Akatoka. Akakawia hasa, kisha akarudi anatiririka jasho, kikopo kimejaa pomoni. Nikachovya kile kijikaratasi cha kupimia sukari, kikabadilika rangi mpaka mwisho wa kipimo. Sikuwahi kuona sukari ya namna ile kwa mtu aliyesimama kwa miguu yake. Nikakimbia kumwita daktari, daktari naye akaja mbio, tukamkalisha mzee kitini, tukamuuliza kama aona kizunguzungu, kama ganzi imemshika miguuni. Alitujibu kwa upole kwamba yu mzima, ila anashangaa kwa nini tunashangaa.

"Sukari itakosaje," akasema, "nayo ni maji ya miwa? Mmeniambia nilete kidogo. Nimepanga foleni kwa muuza miwa nusu saa nzima."

Mtu mwingine angejifunza hapo. Mimi nilicheka, nikaoga, nikasahau.

Sasa niwaeleze habari ya mama mkwe wangu, maana bila yeye hakuna kisa. Mke wangu Maryam ni mtoto wa Bi Zuhura, mjane, mwanamke wa maneno machache na mahamri mengi. Nyumba yake inatazamana na zahanati ya mtaa wetu, kichochoro kati yao ni chembamba hata waweza kumpa jirani chumvi kwa dirishani bila kuinuka. Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya watu zamani, kuta nene, vyumba vidogo. Choo chake kiliziba kabla sijaingia bungeni, kikafungwa, kikageuzwa stoo ya makatoni ya glavu. Kwa hiyo mgonjwa aliyebanwa alifanya jambo moja tu: alivuka kichochoro akabisha hodi kwa Bi Zuhura.

Naye alifungua. Jirani ni jirani, na mgonjwa ni mgonjwa. Mwanzo walikuja wawili watatu kwa siku. Kisha sifa ikaenea kwamba pana maji, pana ndara safi mlangoni na pana mama asiyekunja uso, wakaja wote. Bi Zuhura akawa anazijua habari za mji kuliko redio. Alijua nani ana mimba kabla ya mume wake kujua. Alijua nani tumbo limemharibikia baada ya kula harusi ya nani.

Hata wafanyakazi wa zahanati walikuwa wanasema "amekwenda kwa Bi Zuhura" wakimaanisha hilohilo mnalolijua. Ndipo akaja muuguzi mkuu mpya, Sista Nafula, mwenyeji wa bara, hodari, mwenye mwandiko mzuri. Wiki yake ya kwanza alisikia wagonjwa wanapelekwa kwa Bi Zuhura, huyu, na yule, na yule tena, akafikiri ni kituo kikubwa cha matibabu kilichoko karibu. Basi akamwandikia mzee mmoja mwenye tumbo la kuendesha barua rasmi ya rufaa, ina muhuri, inamwomba Daktari Zuhura amwangalie mgonjwa huyu kwa haraka na kurudisha majibu. Bi Zuhura aliisoma ile barua mlangoni, akampisha mzee apite, kisha akageuza karatasi na kuandika nyuma: "Ameangaliwa. Ameshapona." Barua ile Sista Nafula anayo hadi leo.

Lakini mambo ya kuchekesha yana mzigo wake. Bi Zuhura alikuwa anazeeka, magoti yanamuuma, na shimo la nyumba ile la zamani lilikuwa linajaa. Siku moja akaniita. Nilikuwa nimeketi kwake kwa adabu zote, kofia kichwani, mikono magotini. Akaniambia, "Athman, mwanangu, mahali pangu pale pamechoka." Nikamuuliza wapi, mama. Akasema pale. Akatazama juu kwa haya, nami nikatazama juu kwa haya, nikaona dari lina ufa. Nikamwambia nimeelewa kabisa, asiwe na wasiwasi. Kesho yake nikampelekea mafundi wawili wakamtengenezea paa. Alishukuru. Aliwapa mafundi chai. Baada ya siku nne Maryam alinijia, akakaa mbele yangu, akaniambia kwamba mama yake anauliza kama mkwewe ni mgonjwa wa akili au ni mwanasiasa tu.

Nikaambiwa kwa kinywa cha mke wangu yote ambayo mama mkwe hakuweza kunitamkia. Kwamba Ijumaa iliyopita Bi Zuhura alishikwa na haja yake mwenyewe, akasimama foleni nyumbani kwake, akiwa wa sita. Kwamba shimo likijaa tena ataufunga mlango, na hataufungua hata kwa askari.

Hapa nitawafundisha jambo la kazi. Mkienda kukagua zahanati, msipige simu kwanza. Mkipiga simu mtakuta sakafu imepigwa deki, soda imewekwa mezani na mgonjwa mmoja aliyefunzwa kusema ahsante. Nendeni siku ya kliniki, mkae benchi la nyuma kabisa, na mtu wa kumuuliza maswali awe yule anayefagia. Ndivyo nilivyofanya. Nilikaa kule nyuma baina ya wajawazito, na mwanamke mmoja mbele yangu akaanguka palepale, kimya, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Sista Nafula alimwinua, akamlaza, akampa maji. Alipopata nafuu nilisikia akieleza kwamba hakunywa kitu tangu alfajiri, kwa makusudi. Mfagiaji akaniambia si yeye peke yake. Siku ya kliniki wajawazito wote hawanywi maji, kwa kuhofia kubanwa na kukuta foleni ya Bi Zuhura ndefu. Joto la Mombasa mwalijua. Mtu na mimba yake anakaa kavu mpaka adhuhuri kwa sababu serikali haina choo. Siku ile sikucheka.

Nikaketi nikaandika hoja. Karani wa bunge letu alikuwa Bwana Mwadime, Mtaita, mkazi wa Buxton, mtu aliyeyajua maneno ya sheria kama seremala anavyojua misumari. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi kwa kweli. Alinifundisha kuhesabu vichwa kabla ya kusimama kusema. Alinifundisha kutoleta jambo zito baada ya chakula cha mchana siku ya pilau, maana nusu ya waheshimiwa huwa wamesinzia na nusu wanatafuta kijiti cha meno. Akaisoma hoja yangu, iliyoomba kila zahanati iwe na "sehemu ya wagonjwa kujisitiri." Akaniuliza kama nakusudia choo. Nikasema ndicho hicho. Akasema basi niandike choo.

Nikamweleza kwamba siwezi. Vikao vyetu vilirushwa redioni, na mama mkwe wangu husikiliza redio huku akikaanga mahamri. Nitamkabili vipi jioni?

Bwana Mwadime akavua miwani. "Mheshimiwa," akasema, "sheria haina haya. Ukiiandika kwa haya, itatekelezwa kwa haya."

Nilidhani ni maneno ya mtu wa milimani asiyejua heshima za pwani. Nikaiwasilisha vilevile.

Mjadala ulikuwa mtamu. Haya, kumbe, haikuwa yangu peke yangu. Mheshimiwa mmoja alisimama akaunga mkono "mahali pa faragha". Wa pili akasema "maliwato", wa tatu akaulizia kama maliwato ni ya kuliwa. Mmoja akazungumza dakika kumi juu ya "lile jambo ambalo kila mwanadamu analo" na hakuna aliyejua kama anasema habari ya choo au mauti. Kisha akasimama mheshimiwa mmoja mkongwe, mtaratibu, akasema kwa dhati kabisa kwamba anataka kila zahanati katika kaunti hii ipewe nyumba ndogo. Bunge likalipuka kwa kicheko. Spika akagonga nyundo, akamkumbusha mheshimiwa kwamba siku hizi nyumba ndogo maana yake ni hawara. Mzee wa watu akaketi, uso umemwiva. Mwingine aliyekuwa amelala nyuma akaamka na kelele, akaona watu wote wachangamfu, akanyoosha mkono akasema anaunga mkono nyumba ndogo, na ikiwezekana ziwe mbili. Hoja ikapita bila mtu mmoja kuipinga.

Nilirudi nyumbani kama niliyeoa tena. Bi Zuhura aliniletea sahani ya kaimati. Nikangoja wajenzi.

Baada ya miezi kadhaa likaja lori. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nimealika majirani, Sista Nafula amewapanga wauguzi wake mstari mmoja. Lori likafunguliwa, tukaona mafurushi. Hamna saruji, hamna bomba, hamna kigae. Wakateremsha mapazia. Mapazia ya kijani yenye maua meupe, marefu, ya kitambaa kizuri, na vyuma vyake vya kutundikia. Afisa aliyetumwa na idara, bwana mnene mwenye sauti ya bashasha, akatoa hotuba. Akasema idara imelisikia bunge. Akasema tangu leo hakuna mgonjwa atakayekosa mahali pa kujisitiri. Akavuta kamba, pazia likafunguka, likafungwa, watu wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wamealikwa.

Mzee mmoja, ambaye alikuwa ameelewa hoja yangu vizuri kuliko idara nzima, akaingia nyuma ya pazia kwa haraka. Alikuta benchi. Akachungulia tena nje, akauliza shimo liko upande gani.

Bi Zuhura alikuwa amesimama kando yangu. Akasogea, akaliinua pazia kwa vidole viwili, akatazama lile benchi muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Athman," akasema, "na nyuma ya pazia wafanye nini?"

Nilivuka kichochoro peke yangu nikaenda kukaa barazani kwake, na hapo nikalazimika kusogea mara tatu kuwapisha wageni wangu wakiingia ndani kutumia choo chake.

Yale mapazia hayakupotea bure, nisiwadanganye. Sista Nafula aliyatundika chumba cha sindano na pale akina mama wanaponyonyesha, na yalifaa. Lakini mimi nilifaidi nini? Uchaguzi ulipofika mpinzani wangu alilifunika gari lake la vipaza sauti kwa kitambaa cha kijani chenye maua meupe, akazunguka nalo Mji wa Kale na Marikiti, na kila njia panda alikifungua kidogo akachungulia akauliza, "Mheshimiwa yupo?" Mpaka mimi mwenyewe nilicheka. Nilirudi bungeni kwa tundu la sindano. Na nawaambia kweli, nilirudishwa na akina mama wa kliniki, waliosema heri mtu aliyejaribu akakosea kuliko yule anayecheza na vitambaa.

Kipindi cha pili nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mwadime, nikamwomba msamaha. Hakunisimanga. Aliniambia kwamba hoja ni ombi tu, atakaye ataitimiza apendavyo. Safari hii tulete mswada, uwe sheria, na tuuandike kwa maneno ambayo hata fundi mwashi hatayakosea. Halafu akaniambia nije kwake Buxton Jumamosi, tufanye mazoezi.

Nikaenda. Akanisimamisha katikati ya sebule. Akaketi kwenye kochi, akachukua kitambaa cha meza, akajitanda kichwani, akasema yeye sasa ni mama mkwe wangu, niseme. Nikasema "cho" nikakohoa. Akaniambia nirudie. Nikasema "mahali pa." Akatikisa kichwa chini ya kile kitambaa. Mkewe alikuwa anasonga ugali. Alitoka jikoni akatukuta, mumewe kajitanda, mheshimiwa kasimama jasho linamtoka, akarudi jikoni na tukasikia mwiko umeanguka. Ilinichukua mpaka alasiri. Lakini nilipotoka nilikuwa nalisema neno lile kwa mbio, njia nzima, mpaka dereva wa tuktuk akaniuliza kama asimame mahali nijisaidie.

Mswada una hatua zake, na hatua mojawapo ni kuwauliza wananchi. Vijana wengi mkiingia mtaona kikao cha maoni ni taabu tupu, watu wanakuja kwa soda. Msikichezee. Tulikifanya kwenye ukumbi wa shule, ukajaa. Mwenyekiti akanikaribisha nieleze mswada wahusu nini. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikatazama mbele. Mstari wa kwanza, kiti cha katikati, mkoba magotini, alikuwa ameketi Bi Zuhura.

Kila nilichojifunza Buxton kilinitoka. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikamwona Bwana Mwadime pembeni akijitanda kichwa polepole kwa leso yake ya mkononi, kunikumbusha. Basi nikafumba mato nikapiga kelele: "Choo." Kipaza sauti kikapiga mluzi, neno likazunguka kuta zote nne likarudi.

Mlinzi wa shule, mtu mwema, akainuka mlangoni. Akaniambia kwamba kiko nyuma ya madarasa, mkono wa kushoto, ila hakina maji.

Watu walicheka hata wengine wakashikana. Nilipofumbua mato, Bi Zuhura hakuwa anacheka. Alikuwa ameinuka, anakuja mbele. Akanipokonya kipaza sauti taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Jina langu Zuhura," akasema. "Nyumba yangu ndiyo choo cha zahanati. Nimekifanyia kazi miaka yote hii bila kuajiriwa, na leo nimekuja kuomba kustaafu."

Kicheko kikakatika. Kisha akatufundisha. Hakuwa na karatasi. Alisema mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mja mzito akizimia ndani na mlango wafunguka kwa ndani, atauzuia kwa mwili wake na hakuna atakayemfikia. Alikuwa ameyaona mambo hayo kwake. Alisema ukutani pawe na chuma cha kushikia, maana goti likishuka haliinuki lenyewe. Alisema kimoja kiwe cha kukaa na kimoja cha kuchutama, kwa sababu watu hawafanani. Bomba la maji liwe karibu na mkono, lisiwe nyuma ya mgongo. Pawe na mahali pa kutundika buibui na mkoba pasipo sakafuni. Na pawe na taa, kwa sababu mgonjwa wa macho naye ana tumbo. Bwana Mwadime alikuwa anaandika kwa kasi mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Sista Nafula alisimama akasema anaunga mkono kila neno la Daktari Zuhura.

Yote yaliingia katika sheria, kama alivyoyasema. Nimekaa na wataalamu wenye shahada ndefu, na nawaheshimu, lakini choo bora cha zahanati kiliandikwa na mwanamke aliyekuwa akifungua mlango. Mkitunga sheria ya afya, mtafuteni kwanza yule anayefungua mlango. Kila mahali yupo. Huwa hajaalikwa.

Nilimwuliza siku ile, tukirudi nyumbani, kwa nini miaka yote hakunitamkia lile neno waziwazi. Akaniambia yeye angewezaje kumtamkia mkwewe, mtu mheshimiwa. Alikuwa akingoja mimi nianze.

Ujenzi ulichukua muda, kama ujenzi unavyochukua, lakini ulikwisha. Vyoo vitatu katika ua wa zahanati, kuta nyeupe, milango ya mbao. Na hapa niwape fundisho la mwisho la kazi, ambalo hamtalikuta katika kitabu chochote cha uongozi: msipake rangi mlango jioni ya kuamkia sherehe. Si Mombasa. Rangi ya hapa haikauki, inakaa tu ikiwaza. Lakini mkandarasi alisikia wageni wanakuja, akapaka.

Aliyekuja kama mgeni wa heshima alikuwa yuleyule afisa wa mapazia, sasa mnene zaidi. Palikuwa na keki. Tukamwomba Bi Zuhura akate utepe. Akaukata, watu wakapiga vigelegele, wapiga picha wakamtaka ageuke. Hakugeuka. Aliingia cha kwanza, akavuta mlango, akafunga. Tukasimama nje sote, idara, kamati, wauguzi, majirani, tukitazama mlango kwa heshima. Tukasikia maji. Tukapiga makofi. Kisha tukasikia mlango unasukumwa. Ukasukumwa tena.

Rangi ilikuwa imeshikana. Nikavuta kitasa, kitasa kikabaki mkononi mwangu. Kwa kuwa sheria ilisema mlango ufunguke kwa nje, sisi wa nje hatukuweza kuusukuma kwa bega. Nikamwita mama, yu salama? Akajibu yu salama, pana hewa nzuri, tusiharibu kitu. Yule afisa, kwa kuona watu wanaanza kunong'ona, akaamua kujaza muda kwa hotuba. Akazungumza juu ya safari ndefu ya huduma za afya. Alipofika katikati, sauti ikatoka ndani.

"Mwambieni namsikia," Bi Zuhura akasema. "Aendelee, lakini asirudie."

Sista Nafula ndiye aliyetuokoa. Alichukua kisu cha keki, akakipitisha kwenye ufa wa mlango, juu, pembeni na chini, kwa mkono wa mtu aliyezoea kukata kitovu. Mimi nikaingiza vidole, afisa akanishika kiunoni, tukavuta. Mlango ukaachia kwa mkupuo, sisi wawili tukaketi chini kwenye kokoto na rangi mikononi. Bi Zuhura akatoka, buibui lina mstari mweupe begani, akatazama umati.

"Maji yatoka vizuri," akasema.

Keki ililiwa. Ilikuwa na ladha ya rangi, lakini hakuna aliyesema, na hiyo ndiyo heshima ya pwani ambayo sina ugomvi nayo.

Siku ya kliniki iliyofuata nilikwenda mapema, nikakaa kwenye benchi langu la nyuma. Akina mama walikuja na chupa za maji mikononi, wanakunywa wakizungumza. Mmoja akainuka, akaenda uani, akarudi. Mwingine akaenda, akarudi. Hakuna aliyeanguka. Kupitia dirishani niliweza kuona upande wa pili wa kichochoro. Bi Zuhura alikuwa ameketi nyuma ya mlango wake ulio wazi, ndara zimepangwa, birika limejaa. Saa mbili hakubisha mtu. Saa tatu hakubisha mtu. Aliinuka akafagia kizingiti kisichokuwa na vumbi, akaketi tena. Karibu saa nne nikamwona anafunga mlango kwa ufunguo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana, anavuka, anaingia zahanati na kikapu cha mahamri mkononi. Sista Nafula alimwuliza anaumwa nini. Akasema haumwi kitu. Akatafuta nafasi katikati ya wajawazito, wakasogea kumpisha, akaketi, akaweka kikapu miguuni, akamgeukia aliye kushoto kwake.

"Haya, mwanangu," akamwambia, "nipe habari. Siku tatu sijui lolote la mji huu."